Ubao Nilioukosea Kibamba

Vijana wangu, swali mnaloniuliza sana tangu nistaafu ni hili: "Mzee, kwani pale manispaa ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Mna haki ya kuuliza. Miaka ya mwanzo hata mimi nilikuwa sijui.

Kwenye karatasi nilikuwa mhudumu wa ofisi, idara ya mipango miji. Kwa vitendo nilikuwa mtu wa mbao. Mtu akiwa na kiwanja cha makazi, naye anataka kujenga sheli au ghala, anaomba kubadili matumizi ya ardhi. Kabla ya kumjibu, manispaa inasimika ubao pale pale kiwanjani kuwaambia majirani kinachotaka kufanyika. Mwenye pingamizi analileta ofisini kabla ya siku iliyoandikwa. Ubao huo mimi ndiye niliyeupaka rangi, nikauandika, nikaubeba, nikachimba shimo na kuusimika. Halafu nilirudi kila baada ya siku chache kutazama kama bado upo, maana mbao nzuri haikai mtaani. Wewe unaona tangazo la serikali, mwenzako anaona mlango wa banda la kuku.

Elimu yangu ni darasa la saba, Nachingwea. Haya nilikuwa namsimulia mke wangu, mama Sofia, kila nikirudi kazini. Sasa ni mwaka wa pili hayupo, na nimegundua kwamba jambo usilomsimulia mtu linaanza kukupotea. Kwa hiyo naandika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bakari, mtu wa Masasi, mwandishi wa herufi aliyeajiriwa zamani kuliko wote pale idarani. Siku ya kwanza alinionyesha makopo ya rangi, akalitoa kopo jekundu na kuliweka juu ya kabati.

"Hilo usiliguse."

"Kwa nini?"

"Wewe umekaa mji huu muda gani? Mtu akiona jamaa wa manispaa ameshika brashi yenye rangi nyekundu, anajua anakuja kuchorewa X ya kubomolewa ukutani. Hujafika mlangoni, ameshaanza kufungua vitanda. Utamwambia saa ngapi kwamba wewe umeleta tangazo tu?"

Tukawa tunaandika kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe. Mpaka nastaafu sikuwahi kuligusa lile kopo.

Somo lake jingine lilikuwa ukubwa wa herufi. Alisema ubao unaandikiwa mama aliyebeba ndoo kichwani: hawezi kusimama, hawezi kuinama, anapita. Asiposoma kwa kupita, hujaandika kitu. Nikiandika herufi ndogo alikuwa anaichukua ile mbao, anaiegemeza ukutani ng'ambo ya uwanja, ananirudisha mpaka getini na kuniambia, "Soma." Nikishindwa, tunapaka nyeupe upya. Mpaka leo nikiona tangazo lenye herufi za mchwa, mkono unaniwasha.

Nilikosea mara nyingi. Mwaka wangu wa pili nilisimika ubao wa karakana ya magari kwenye kiwanja cha jirani. Niliporudi nilikuta familia nzima imekaa nje na mabegi, baba wa nyumba anawapigia ndugu zake mmoja mmoja kuuliza nani kauza. Nilipomweleza kwamba nimekosea nyumba, alinitazama muda mrefu, akaniambia, "Kaa. Unywe chai kwanza, maana nikikuacha uondoke sasa hivi nitakukimbiza." Nikanywa chai. Halafu nikang'oa ubao wangu yeye amenisimamia.

Lakini kosa ninalotaka mlijue ni la Kibamba.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Likaja ombi kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona. Mwekezaji alikuwa na eneo refu kandokando ya barabara ya Morogoro, akataka kujenga mahali pa malori na mabasi ya safari ndefu: pampu za mafuta, maegesho, mgahawa, vyumba vya madereva kuoga na kulala, fundi matairi, maduka. Michoro ilijaza meza mbili. Mimi napenda michoro ingawa sikuisomea, basi nikawa namzunguka Bi. Neema, afisa mipango miji wetu. Alikuwa binti wa Moshi, umri wa Sofia wangu, mkali kwenye kazi na mwepesi wa kucheka.

"Hivi vistari vingi vya mlalo ni nini?"

"Malori, mzee. Kila kimoja ni nafasi ya lori moja na tela lake."

"Na hili duara?"

"Lori linapogeukia."

"Duara lote hili?"

"Mzee, wewe umewahi kugeuza semi-trela?"

"Sijawahi."

"Basi ndiyo hiyo."

Alinituma nikahesabu magari yanayopita pale. Siku hizi wanaweka kamera juu ya nguzo. Mimi nilikwenda na dumu la kukalia na mifuko miwili ya suruali: lori likipita natia harage mfuko wa kulia, basi likipita natia choroko mfuko wa kushoto. Ukitumia kalamu utainama kuandika na magari matatu yatapita. Jioni mama Sofia alihesabu pamoja na mimi mezani, kisha akayachemsha. Nilimwambia hiyo ni mali ya serikali. Akasema serikali ikija ataitilia kwenye sahani.

Ikafika siku ya kuandika ubao. Kwenye jalada jina la mradi lilikuwa "Kituo Jumuishi cha Huduma kwa Magari na Wasafiri wa Barabara Kuu". Nikapima herufi za Mzee Bakari, nikaona jina lile linataka ubao wa urefu wa ukuta. Ubao wangu ulikuwa wa kawaida. Bi. Neema alikuwa Dodoma kwenye mafunzo. Nikaamua mwenyewe. Juu, kwa herufi kubwa safi, nikaandika KITUO CHA HUDUMA. Chini yake namba ya kiwanja, maneno ya kubadili matumizi, na siku ya mwisho ya pingamizi. Nikasimama mbali, nikausoma. Ulisomeka vizuri kabisa. Nakumbuka niliufurahia.

Nikaanza kwenda kuukagua, na hapo nikakuta kitu kigeni. Watu walikuwa wananichangamkia. Katika kazi ile hukuti hivyo. Ukisimika ubao wa sheli, lazima kuna mtu atakuja juu: moto, harufu, kelele. Pale Kibamba vijana wa bodaboda wananiamkia shikamoo kabla sijafika, na fundi cherehani ananivutia benchi. Pingamizi halikuja hata moja. Mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa nawaza, hawa wamependa nini namna hii?

Siku chache kabla ya muda kwisha nikashuka bondeni, chini ya kile kiwanja, kumuuliza mtu. Kulikuwa na bustani za mchicha na matembele, na mama mmoja anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu. Nilikuwa namwona kwa mbali siku zote. Aliitwa Mama Tumaini.

"Karibu, baba wa manispaa. Sasa mnaanza lini?"

"Kuanza nini, mama?"

"Si kituo. Maana nyie mkiandika mnaandika, kujenga mnasahau. Sie huku tumechoka. Mkwe wangu kajifungulia kwenye bajaji, pale juu kwenye tuta. Mtoto tukataka kumwita Tuta, baba yake akakataa."

Alikuwa anacheka.

"Mama, kituo gani unachosema wewe?"

"Cha afya. Kuna kingine?"

"Hiki si cha afya."

Akaweka kopo chini. "Umeandika huduma."

"Nimeandika huduma."

"Huduma ya nani?"

"Ya malori. Na madereva wake."

Akaita kuelekea bustani ya pili, "Mama Shani, njoo umsikie huyu baba. Kile cha kwetu eti ni cha malori." Mama Shani hakuja. Alisema tu kutoka huko huko, "Mie nilikwambiaga. Serikali ituletee zahanati, sie akina nani," akaendelea kupalilia.

Nilitaka niombe radhi niondoke. Lakini Mama Tumaini alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anatazama juu, kwenye kile kiwanja, halafu bustani yake, halafu juu tena.

"Malori hayakanyagi udongo," akasema. "Watamwaga zege?"

"Karibu lote."

"Na maji?"

"Maji gani?"

Kilikuwa kiangazi. Pale tuliposimama palikuwa pakavu, vumbi tupu. Akanishika mkono kama mtu anayemwongoza kipofu, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope la zamani, umenyooka kama umepigwa kwa rula, usawa wa goti langu. Akanionyesha waya wa uzio. Majani makavu yalikuwa yamenasa kwenye waya, yote yamelalia upande mmoja.

"Hayo ni ya masika iliyopita," akasema, "na kule juu kulikuwa na nyasi zinazokunywa. Wakishamwaga zege, huu mstari utafika wapi, baba?"

Hapa vijana mniangalie. Nilifanya kazi ile maisha yangu yote na nilikuwa naingia kila kiwanja kutokea barabarani. Nasimika ubao, natazama barabara, narudi. Sikuwahi kujiuliza chini ya kiwanja kuna nani. Ukitumwa kutazama ardhi, shuka kwanza mpaka unapofika mwisho wa mteremko, tazama kuta na waya, ndipo upande juu. Hilo sikufundishwa na Mzee Bakari. Alinifundisha Mama Tumaini, nimebakiza miezi minne.

Ofisini kulikuwa na fomu inaningoja. Inasema ubao ulisimikwa, ukaeleweka, pingamizi halikupokelewa. Chini ni jina langu na sahihi. Bi. Neema alikuwa amerudi, kikao cha kamati kilikuwa wiki inayofuata, na mhandisi wa mwekezaji alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha wageni. Nikamwita Bi. Neema koridoni, nikamweleza.

"Mzee, tangazo lilisimikwa?"

"Lilisimikwa."

"Namba ya kiwanja ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Sasa shida iko wapi? Jina umefupisha. Kufupisha si kosa."

"Watu wamesoma kitu kingine. Wamefurahia zahanati."

"Hukuandika zahanati."

"Bi. Neema, wewe ungeona ubao ule kule ambako hakuna hospitali, ungedhani nini?"

Akafumba macho kidogo. "Unajua ukisema hivi tunaanza upya? Siku zote za tangazo upya? Unajua nani atapigiwa simu?"

"Wewe."

"Mimi. Na wewe umebakiza miezi mingapi?"

"Minne."

"Na unataka kuondoka na doa."

"Sitaki. Ila hii fomu inasema ulieleweka, na haukueleweka. Siwezi kuisaini."

Alirudi ndani. Nikamsikia anamweleza mhandisi, na mhandisi akauliza, si kwa hasira, kwa mshangao tu, "Tuanze tena kwa sababu ya herufi?" Nikaingia nikamwambia, "Herufi zangu."

Nilipewa barua ya onyo. Imo kwenye jalada langu, na ilikuwa halali yangu.

Nyumbani mama Sofia alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanipa pole. Akauliza, "Sasa huo ubao wa pili utaandika nini?" Akachukua daftari la zamani la Sofia tukakaa. Nikisema neno la jalada, ananiuliza mwenye ndoo kichwani atalijua? Tukalitupa "jumuishi". Tukalitupa "kituo". Tulibaki na maneno haya: HAPA PANATAKA KUJENGWA MAEGESHO YA MALORI, PAMPU ZA MAFUTA NA MGAHAWA. MAJIRANI MNASEMAJE? Hilo swali la mwisho lilikuwa lake. Nikaomba mbao mbili, nikaziunga. Bi. Neema aliusoma, akasema "mnasemaje" si lugha ya ofisi, akageuka akaondoka, hakunikataza.

Safari hii, siku ya kupokea maoni mtaani, watu walikuja wengi mpaka mtendaji wa mtaa akaazima viti. Wengine walitaka mradi, vijana hasa, waliuliza ajira. Fundi cherehani alihofia kelele. Fomu za maoni zilikuwa na visanduku viwili: napinga, sipingi. Mama Tumaini alikuja na nguo ya kanisani, akakaa mbele yangu.

"Niandikie."

"Unapinga au hupingi?"

"Sipingi. Watu wana njaa ya kazi, nipinge nini? Andika nauliza maji yataenda wapi."

"Mama, hakuna kisanduku cha kuuliza."

"Basi chora."

Nikageuza fomu nikaliandika nyuma, kwa herufi kubwa. Aliyekuwa nyuma yake akasema na yeye aandikiwe hilo hilo. Na aliyefuata.

Kamati ilipokuja kutembelea eneo, mhandisi alitandika mchoro juu ya boneti ya gari. Bondeni kwenye ule mchoro hapakuwa na mkondo wowote. Walipima kiangazi, kama mimi. Mjumbe mmoja akamuuliza Mama Tumaini maji hufika wapi. Akashuka, tukamfuata sote na viatu vyetu, akaweka kiganja chake kwenye mstari wa ukutani. Bi. Neema alichuchumaa na futi kamba. Mhandisi akavua kofia, akaenda kwenye waya, akawa anayachomoa yale majani moja moja na kutazama yamelalia wapi. Sisi tulipoanza kupanda yeye alibaki. Nilimpenda siku ile. Kijana aliyesoma kiasi kile, na bado jani kavu lilimshangaza.

Mradi ulipitishwa kwa masharti: bwawa la kupokea maji ndani ya eneo lao, mtaro mpana pembeni, na kalavati kubwa ya kuyavusha chini ya barabara, pale inapokatisha bonde. Mimi nikastaafu. Mama Sofia aliugua, akaondoka kabla pampu hazijafunguliwa. Mama Tumaini alikuja msibani na furushi la mchicha, akaingia jikoni na wenzake bila kujitambulisha.

Masika ya kwanza baada ya kujengwa, alinipigia simu asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. "Njoo uone."

Nilikwenda. Juu malori yamepanga mstari kama ule wa kwenye mchoro, madereva wanakunywa supu chini ya paa. Nilishuka bondeni. Mtaro ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, maji mekundu yanakwenda kwa kishindo, na nyumba ya Mama Tumaini ilikuwa kavu. Ule mstari ukutani ulikuwa mkavu. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani, anatazama maji yanavyoingia kwenye kalavati.

"Yanatokea wapi?" akaniuliza.

"Ng'ambo ya barabara."

"Ng'ambo kuna watu?"

"Kuna nyumba. Mpya mpya."

"Wao waliulizwa?"

Nikajaribu kukumbuka. Ubao wangu, ule wa pili, mzuri, wa mbao mbili, niliuelekeza huku. Ng'ambo ya barabara mtu angeona mgongo wake tu, mbao tupu. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akanitolea fimbo ya kupimia kina.

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikapanda barabarani na kungoja malori yapungue. Nikavuka. Nyumba ya kwanza nilibisha hodi, akatoka mwanamume na fagio mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamtajia jina langu, nikamwambia kwamba zamani nilikuwa manispaa, kwamba ule ubao wa ng'ambo niliuandika mimi, na nikamwomba anionyeshe maji yamefika wapi.